Wana wa Bi Saada 🌴

Mwanaheri: Asalaam alaykum wanafamilia. Shume hajala toka jana asubuhi, katapika mkekani mara tatu, la mwisho povu tupu. Kesho saa mbili nampeleka kwa daktari wa mifugo, kipimo cha damu cha figo elfu 45. Naomba mchango hata elfu tano tano

Mwanaheri: 1. Mwanaheri 10,000
2.
3.

Mwanaheri: Naona tiki za bluu tu

Sele: waalaykum salaam. paka anapimwa figo 😂 mie mgongo mwaka wa pili huu hakuna alonichangia

Zuu: 😂😂 nenda nae kwenye tenga moja

Sele: basi nipimwe kwa bei ya paka

Mwanaheri: Si mzaha huu. Choo chake leo cheusi kama lami, kinanata. Maji anakunywa utadhani katoka jangwani, kisha kajikunja nyuma ya kabati la vyombo nikimgusa mgongo ananguruma

Shangazi Rukia: Maskini miguu hiyo inamuuma. Msagie robo ya Panadol kwenye dagaa atalala

Mwanaheri: SHANGAZI USITHUBUTU. Ini la paka haliwezi Panadol, fizi zinageuka kahawia uso unavimba anakufa. Si daktari alitwambia siku ile alogongwa na vespa

Shangazi Rukia: Haya mwanangu mie nasaidia tu

Khamis Muscat: Salaam. Ile dawa yake ya maumivu, meloksikamu, nilotuma bado ipo? Nilichukua chupa kubwa makusudi mkae nayo

Mwanaheri: Ipo. Nampa kila siku akishakula, kwa lile bomba la chupa ya zamani, mstari wa kilo nne

Nasra: samahani nilikuwa wodini. Da Mwanaheri hebu piga picha chupa upande wa maandishi madogo

Mwanaheri: 📷 Picha

Nasra: Ya Rabbi. Hiyo ya mbwa

Sele: mbwa?? ndo maana juzi kambwekea muuza samaki 😂😂😂

Zuu: 😂😂😂😂 nakufa

Nasra: Kaka Sele acha kwanza. Ile ya mwanzo ya paka ilikuwa miligramu 0.5 kwa mililita, hii ni 1.5. Bomba lile lile mstari ule ule ndo kusema anakunywa mara tatu. Toka lini?

Mwanaheri: Wiki ya tatu hii

Nasra: Na hata hiyo ya paka si ya kuchezea da. Ulaya wanawapa kila siku lakini dozi ndogo sana na daktari anawafuatilia, Marekani toka 2010 dawa inakuja na onyo kwamba paka akirudiarudia kupewa figo zinaweza kufeli akafa, sasa huyu mzee wa miaka 13 figo zenyewe zishachoka. Hicho choo cheusi tumbo linavuja damu. Usimpe leo. Na usingoje kesho, mpigie daktari sasa hivi

Khamis Muscat: Kwa hiyo kosa langu? Dukani waliniambia ni ile ile

Mwanaheri: Hakuna aliyekutaja. Ila ni kama friji tu Khamis, huulizi unatuma

Khamis Muscat: Friji tena. Miaka tisa

Zuu: jamani friji tuliacheni 🙏

Mwanaheri: Aliyelipa ushuru wa friji lisiloganda ni mimi, si wewe Zuu

Zuu: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Ami Seif: Nimesoma yote. Paka huyo alilala miguuni pa mama yenu mpaka anakata roho, na neno lake la mwisho kwangu kuhusu nyumba ile lilikuwa Shume asilale na njaa. Dawa isimame. Khamis utalipa kipimo chote. Mwanaheri, chupa ilikuwa mkononi mwako, hukuisoma. Friji nisilisikie tena.

Khamis Muscat: Sawa Ami

Mwanaheri: Nimesikia Ami

Mwanaheri: Daktari kapokea. Nimpeleke saa moja badala ya saa mbili, atamtundikia dripu, niende na chupa. Anauliza kapewa dawa nyengine yoyote? Hasa za jamii ya steroidi, zikikutana na hii zinatoboa tumbo

Shangazi Rukia: Na maumivu je, ataachwa hivyo hivyo?

Nasra: ipo gabapentini, inamlevya kidogo anapepesuka, na figo zikiwa mbovu nayo inapunguzwa. Ataamua daktari baada ya kipimo

Shangazi Rukia: Kwani zile prednisolone zangu za pumu nazo ni hizo? Ijumaa alikuwa anakohoa nikampa kipande

Mwanaheri: Shangazi

Nasra: kipande kiasi gani shangazi?

Nasra: shangazi?

Sele: gari ninalo ila mafuta hakuna, mkinipa elfu kumi saa moja nipo mlangoni

Mwanaheri: Khamis pesa inaingia leo au kesho?

Mwanaheri: 1. Mwanaheri 10,000
2. Khamis (kaahidi)
3. Zuu 5,000
4.

Zuu: mie nilisema 3