Jeni ya STS ina kazi gani hasa? Mwanangu ana ngozi ya magamba

MamaEli: Wapendwa habari zenu. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, toka ana miezi mitatu ngozi inatoa magamba ya rangi ya udongo miguuni, tumboni na pembeni mwa shingo, viganja na nyayo safi kabisa. Nimesemwa sana eti simwogeshi, nikawa namsugua shingo na dodoki mpaka mtoto analia na hakitoki kitu. Juzi daktari wa ngozi katuambia ni jeni ya STS imekosekana, foleni ilikuwa ndefu sikupata kuuliza zaidi. Hiyo jeni inafanyaga nini mwilini, na kwanini dada yake hana?

Mwanafunzi_Udaktari: Pole sana mama, dodoki acha leo leo, huo sio uchafu. STS inatengeneza kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kinaitwa steroidi salfatesi, kazi yake kukata salfeti, yaani kipande chenye salfa, kwenye steroidi, ambazo ni kolesteroli na homoni za jamii yake. Ngozi ya juu ina kolesteroli salfeti inayosaidia seli kushikamana, sasa seli zikifika juu kabisa salfeti inakatwa ndo zinaachia, zinapukutika kidogo kidogo bila wewe kuona. Kwa mwanao haikatwi, inarundikana, seli zilizokufa zinang'ang'ania palepale. Jeni yenyewe iko karibu na ncha ya kromosomu X, na kwa wagonjwa wengi, kama 9 kati ya 10, imefutika yote. Mvulana ana X moja tu ya mama, hana akiba, msichana anazo mbili. Eti uchungu wake ulikuja wenyewe?

MamaEli: Umejuaje!! Wiki 42 kimya, nikawekewa dripu, njia haikufunguka, nikaishia kupasuliwa. Wa kike alikuja mwenyewe.

Mwanafunzi_Udaktari: Ni kimeng'enya kilekile mama. Kondo la nyuma linabeba jeni za mtoto. Tezi za juu ya figo zake zinatuma homoni ikiwa na salfeti, kondo linaikata kwanza ndo litengeneze estrojeni (homoni za kike), hasa ile inayoitwa estrioli. Bila STS estrioli inakuwa chini sana na mlango wa kizazi unachelewa kulainika. Sio wote, wengine wanajifungua vizuri tu. Ila hukukosea chochote.

Baba_wa_Njombe: Mimi nina hali hiyo hiyo ya ngozi, nina miaka 37, mjomba wangu pia alikuwa nayo. Huku baridi ya mwezi wa saba magamba ya miguu yanakuwa makubwa, nikishuka Dar wiki mbili joto linayalainisha. Dawa ya kuponya hakuna, tumia krimu ya yurea, halafu mafuta ya mgando paka ngozi ikiwa bado ina maji, ukichelewa akikauka umepoteza kazi. Asidi ya salisiliki, ile ya kuondoa magamba, usimpake mtoto mdogo mwili mzima, inaingia kwenye damu. Na madaktari waangalie korodani zake kama zote zimeshuka. Mabinti zangu wawili wamebeba hiyo X yangu, wavulana hawajaipata, nimewaambia wale mabinti siku wakishika mimba ya kiume waseme kliniki mapema.

MamaEli: Mdogo wangu tumbo moja ana mimba ya miezi saba na utrasaundi imeonyesha wa kiume. Ngoja nimpigie sasa hivi.