Naomba ushauri: kitabu cha besiboli, niandike jina la nani?

Wakuu, habari za leo. Naandika makala ya Kiswahili juu ya Profesa Harold Seymour, Mmarekani aliyekuwa kijana wa kuokota magongo ya wachezaji wa timu ya Brooklyn Dodgers, halafu mwaka 1956 akapata shahada ya udaktari (PhD) ya Chuo Kikuu cha Cornell kwa utafiti wa historia ya besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Enzi hizo mtu kupeleka mchezo chuoni kama somo ilikuwa kujitakia kuchekwa. Oxford University Press wakatoa juzuu zake tatu za historia hiyo: 1960, 1971 na 1990.

Nimekwama kwa mkewe, Dorothy. Yeye ndiye aliyekuwa akipekua magazeti ya zamani, akipanga taarifa na kuandika. Juzuu la tatu sehemu kubwa ni kazi yake, maana mzee alishaanza kuugua. Jina la Dorothy halikukubaliwa kuwekwa kama mwandishi mwenza mpaka 2010. Nakala niliyoazima ni ya zamani, jaladani yumo Harold peke yake. Nimemuuliza mhariri, kanijibu "fuata jalada". Roho inasita.

Mliozoea kazi za utafiti: nikinukuu nakala hii niweke majina yote mawili, au la Harold tu na maelezo chini ya ukurasa? Na kichwa cha makala kibaki cha profesa, au kiwe cha wote wawili?