Ushindi 16 mfululizo wa Edmonton Oilers: tuuamini kwa kiasi gani kuelekea mtoano?

Jezi ya Chungwa ameuliza:

Ndugu zangu, ligi ya NHL, ile ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini, imesimama kwa siku chache kupisha mchezo wa nyota wa ligi, nami nimeona nitumie nafasi hii kuuliza jambo lililonikaa kichwani tangu tarehe 27 Januari 2024, siku sisi Oilers tulipoifunga Nashville 4-1 na kufikisha ushindi wa 16 mfululizo. Sote tunakumbuka tulikotoka. Tulifungua msimu kwa kubebeshwa kapu la mabao 8-1 na Vancouver, Brock Boeser peke yake akitufunga manne. Mwezi mmoja baadaye tukaenda San Jose, kwa timu ambayo hadi siku hiyo ilikuwa imeonja ushindi mara moja tu, nako tukalala 3-2. Baada ya mechi 12 tulikuwa tumeshinda mbili. Tarehe 12 Novemba kibarua cha kocha Jay Woodcroft kikaota nyasi, tena siku moja tu baada ya kuifunga Seattle, akaletwa Kris Knoblauch kutoka Hartford, timu ya daraja la chini.

Leo tuna ushindi 29, tumepoteza 15 ndani ya dakika 60 na moja katika muda wa nyongeza, yaani pointi 59 katika mechi 45. Siulizi kama tutaingia kwenye mtoano, kwa maana hilo naliona linakwenda vizuri. Ninachouliza ni kama hii ndiyo sura halisi ya timu yetu au ni upepo tu unaovuma upande wetu kwa sasa, na kama ni sura halisi, ni eneo gani liongezewe mtu kabla ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa tarehe 8 Machi. Nisameheni kwa wasiwasi wangu. Mwaka 2022 Colorado walitutoa kwa mechi 4-0, mwaka 2023 Vegas wakatutoa kwa mechi 4-2, na mara zote mbili waliotutoa ndio walioondoka na Kombe la Stanley, kwa hiyo nimeshajifunza kutofurahi mapema.

---

Kona ya Kushoto amejibu:

Naomba nikuelekeze kwenye takwimu moja ambayo mimi naiona ni nzito kuliko hiyo 16. Katika mechi 14 za mwisho kati ya hizo, hatujaruhusu zaidi ya mabao mawili katika mechi yoyote. Timu yenye washambuliaji kama Connor McDavid na Leon Draisaitl inaweza kushinda mechi nyingi kwa kufunga matano na kufungwa manne, na kwa miaka kadhaa ndivyo tulivyoishi. Msimu uliopita, kila mpinzani alipotolewa kwa adhabu nasi tukawa na mchezaji wa ziada uwanjani, tulifunga katika asilimia 32.4 ya nafasi hizo, rekodi ya ligi nzima, na bado Vegas walituondoa. Mara hii tunashinda kwa namna ambayo hatukuizoea: 2-1 kwa Montreal katika muda wa nyongeza, 3-1 kwa Calgary, 3-0 kwa Chicago. Hizo si mechi zilizookolewa na McDavid.

Ukitaka kuliona badiliko kwa macho yako, rudia kutazama mechi yoyote ya Oktoba na uangalie kona ya upande wetu tu, usiangalie kitu kingine. Kisahani (ndicho kinachochezwa badala ya mpira) kinapoingia kona, mabeki wetu wawili wanakifuata wote, kiungo anabaki njia panda asijue amkabe nani, na mbele ya kipa anasimama mpinzani mmoja akiwa huru kabisa, gongo lake likiwa tayari juu ya barafu. Pasi moja, bao. Sasa tazama mechi ya Januari. Beki mmoja anakwenda kona, wa pili anabaki karibu na mlingoti, kiungo anashuka hadi chini kuziba ile njia ya pasi, na kisahani kikiguswa tu kinatolewa nje ya eneo letu bila madoido. Paul Coffey, aliyekuwa beki wa timu yetu ilipotawala miaka ya 1980, aliletwa benchi siku ileile aliyoletwa Knoblauch, na mabeki wako mikononi mwake. Nadhani inachekesha kidogo kwamba mtu aliyesifika kwa kushambulia ndiye amewafanya mabeki wetu watulie.

Ongeza na beki Mattias Ekholm, ambaye alianza msimu akitoka kwenye majeraha na sasa yuko sawa. Tangu Ekholm aje kwetu kutoka Nashville Februari mwaka jana, beki mwenzake Evan Bouchard amebadilika kabisa: anapiga mashuti yake bila woga kwa sababu anajua nyuma yake kuna mtu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si upepo. Upepo huleta mabao, hauleti nidhamu ya kukaba kwa mwezi mzima.

---

Mzee wa Benchi amejibu:

Ndugu Kona ya Kushoto ameeleza vizuri, lakini naomba nimwage maji ya baridi kidogo, kwa nia njema.

Columbus walishinda mechi 16 mfululizo msimu wa 2016-17, idadi ileile tuliyonayo sisi leo. Raundi ya kwanza ya mtoano walikutana na Pittsburgh na kutolewa 4-1. Pittsburgh wenyewe ndio wenye rekodi ya ligi, ushindi 17 mfululizo katika msimu wa 1992-93, wakiwa na Mario Lemieux, wakiwa mabingwa watetezi mara mbili, nao wakatolewa na New York Islanders raundi ya pili, mechi ya saba, katika muda wa nyongeza. Mfululizo wa ushindi hukupa pointi, na pointi ni kitu kizuri. Lakini mtoano hauulizi ulishinda mara ngapi Januari.

Pili, tuwe wakweli kuhusu tuliowafunga. Chicago tumewafunga mara mbili, San Jose mara moja, Anaheim mara moja, Columbus mara moja. Hizo ni mechi tano kati ya 16 dhidi ya timu ambazo zinapigania zaidi nafasi ya kuchagua mapema katika uteuzi wa vijana wa ligi kuliko zinavyopigania mtoano. Sisemi kwamba zote zilikuwa za mteremko, kwa kuwa New York Rangers tuliwafunga 4-3 kwao na Toronto 4-2 kwetu, na zile mbili zilinifurahisha sana. Nasema tu kwamba kipimo chetu halisi bado hakijafika, nacho ni timu nzito zinazogonga mwili kwa mechi saba mfululizo.

Nitakiri jambo moja. Mwanzoni mwa Januari 2019 St. Louis walikuwa mkiani mwa ligi nzima, wamebadilisha kocha Novemba kama sisi, na Juni wakalibeba kombe. Kilichowavusha ni kipa, Jordan Binnington, aliyeanza mechi yake ya kwanza Januari hiyohiyo. Kwa hiyo mlango upo, lakini ufunguo wake uko golini.

---

Karani wa Pointi amejibu:

Mimi nitabaki kwenye hesabu, maana naona wengi wanatazama msimamo bila kutazama mechi za viporo.

Vancouver wanaongoza Kundi la Pasifiki kwa pointi 71 katika mechi 49. Sisi tuna 59 katika mechi 45. Pengo la 12 linatisha, lakini tuna viporo vinne, na ushindi una pointi mbili, kwa hiyo tukivila vyote vinne pengo linabaki nne. Tuchukulie kwamba Vancouver watapata nusu tu ya pointi zao zilizobaki: mechi 33, pointi 33, watamaliza na 104. Ili tuwafikie tunahitaji pointi 45 kati ya 74 zilizobaki. Kwa timu iliyoshinda 26 na kupoteza sita chini ya Knoblauch hilo si jambo la ajabu, ila tatizo ni kwamba Vancouver hawajaonyesha dalili yoyote ya kuridhika na nusu.

Sasa hasara ya viporo, ambayo haisemwi sana. Tunarudi uwanjani tarehe 6 Februari na msimu wa kawaida unaisha tarehe 18 Aprili. Hizo ni siku 73 kwa mechi 37, maana yake ni mechi moja kila baada ya siku moja ya kupumua, pamoja na safari zote za ndege za timu ya magharibi mwa Kanada. Kipa wetu Stuart Skinner ameshinda mechi zake 12 za mwisho, na kila anayempenda atataka acheze zote. Msimu uliopita ulikuwa wake wa kwanza kama kipa wa kutegemewa, na tulipofika mtoano Woodcroft alilazimika kumtoa golini katikati ya mechi zaidi ya mara moja. Sitaki kuona hilo tena Mei kwa sababu tulimchosha Machi. Kipa wa pili, Calvin Pickard, apewe walau theluthi ya mechi zilizobaki, hata kama itatugharimu pointi mbili tatu na nafasi ya kwanza kwenye kundi.

---

Jezi ya Chungwa amejibu:

Ahsanteni. Hoja ya siku 73 sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Lakini basi, Karani, hesabu hiyo hainipeleki moja kwa moja kwenye kununua kipa? Kipa Jack Campbell tumemshusha Bakersfield, timu yetu ya daraja la chini, tangu Novemba, Pickard ni mtu wa kuaminika lakini hajawahi kubeba timu kwenye mtoano. Skinner akiumia, tunasimama na nani?

---

Gongo Lililovunjika amejibu:

Naomba nilichukue hilo la kununua, kwa sababu ndipo matamanio yanapokutana na daftari la mishahara.

Ukomo wa mishahara msimu huu wa 2023-24 ni dola milioni 83.5 kwa kila timu. Campbell analipwa milioni 5 kwa mwaka, na kumshusha daraja kunatupunguzia milioni 1.15 tu, zile 3.85 zinaendelea kuhesabiwa kwetu ingawa hachezi hapa. Hicho ndicho kidonda chenyewe. Kipa mwenye jina atahitaji mshahara ambao hatuna pa kuuweka, na timu inayomuuza itataka chaguo letu la raundi ya kwanza katika uteuzi wa vijana wa mwaka huu, ambalo ndilo karata pekee kubwa tuliyobaki nayo baada ya kutoa la mwaka jana kumpata Ekholm. Karata hiyo siwezi kuitumia kwa mtu atakayekaa benchi tukiomba asihitajike.

Mimi ningeitumia katika moja ya sehemu mbili. Ya kwanza ni mshambuliaji wa kucheza na Draisaitl. Corey Perry amesaini wiki iliyopita na ana uzoefu wote unaotakiwa, lakini ana miaka 38 na atakuwa mtu wa dakika chache mbele ya goli. Connor Brown, ambaye ujira wake mkubwa unakuja kama bonasi ya milioni 3.25 itakayohesabiwa msimu ujao, hajafunga hata bao moja hadi leo. Anafanya kazi nzuri tunapocheza pungufu, nami sitaki kumzomea, ila bao ni bao. Sehemu ya pili ni beki wa kulia. Cody Ceci na Darnell Nurse wametulia katika mfululizo huu, lakini wapinzani wenye kasi wakiwabana nyuma ya goli bado naona kisahani kinawatoka.

Kati ya hizo mbili nachagua ya kwanza, yaani mshambuliaji, tena anayeweza pia kuwa kiungo katikati ya safu ya tatu ya washambuliaji, ili Knoblauch asilazimike kuwaweka McDavid na Draisaitl pamoja kila tunapohitaji bao. Tukiwa na safu tatu zinazotisha, mpinzani hana mabeki wa kutosha wa kuzikaba zote.

---

Mzee wa Benchi amejibu:

Hapo kwa kiungo naunga mkono bila kipingamizi. Kuhusu kipa narudia niliyosema: ufunguo uko golini, na kama hatuwezi kununua ufunguo mpya basi tuutunze tulionao, kwa kumpumzisha Skinner kama Karani alivyosema.

Tarehe 6 Februari tunacheza Las Vegas. Tukishinda tunaifikia ile 17 ya Pittsburgh, na magazeti yatazungumzia hilo tu. Mimi nitakuwa natazama kona, kama Kona ya Kushoto alivyoelekeza, nione yule beki wa pili anabaki karibu na mlingoti au anarudia tabia ya Oktoba pale Mark Stone na wenzake wa Vegas watakapoanza kumsukuma.