Tupeane uzoefu: mkate wa mayai wa kujaza, mnaivishaje katikati bila nje kuungua?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Mkate wa mayai wa kawaida, ule wa slesi moja unachovya unakaanga, nadhani hapa hakuna asiyeuweza. Nauzungumzia ule wa kujaza: slesi mbili zilizobana kitu katikati, au slesi moja nene iliyochanwa mfuko ubavuni, ndipo inachovywa kwenye mayai na maziwa. Kero yake mnaijua. Nje umeshaiva rangi ya kuvutia, ukiukata, jibini ya ndani bado ya baridi na mkate unatoa majimaji ya yai bichi. Ukiuongezea muda, unaungua.

Nianze mimi. Kwa mikate minne iliyojazwa natumia mayai 4, maziwa kikombe 1 (mililita 250), chumvi ya kubana kwa vidole viwili, vanila, na sukari kijiko kimoja cha chai basi. Sukari ikizidi kwenye rojo ndiyo inayowahisha kuungua, kwa hiyo utamu wote naupeleka ndani na juu. Moto mdogo, kikaango nakifunika upande wa kwanza, upande wa pili naondoa kifuniko ili mkate ukauke. Unaiva, ila si kila mara. Leteni ya kwenu.

Mkate Mkavu

Mkuu, mimi kabla ya moto nauliza kwanza mkate ni wa lini. Mkate wa leo, laini, unalowa juu na kulegea, ukiuinua mfuko unachanika. Wa jana au wa juzi wanga wake umeshakaza, unabeba rojo bila kusambaratika. Nisipokuwa nao, slesi nazipanga kwenye trei, oveni nyuzi 150, kama dakika 10, katikati nazigeuza. Nataka zikauke tu, zisibadilike rangi.

Halafu unene. Mkate uliokwisha katwa kiwandani ni mwembamba, huo ni wa kubana mbili mbili. Mfuko unataka mkate mzima, ukate mwenyewe slesi za sentimita 3 au 4. Ingiza kisu kidogo ubavuni, kizungushe ndani kulia na kushoto, lakini pale kilipoingilia pabaki padogo. Wengi mdomo wanaupanua, kisha wanalalamika vitu vinamwagika.

Brioshi, ule mkate wenye mayai na siagi kwenye unga wake, ni mtamu sana kwa kazi hii ila hunywa rojo haraka. Sekunde 20 au 30 kila upande, toa.

Mama Pacha

Mfuko ni maringo ya mahotelini jamani. Asubuhi, watoto wawili wanagombea kijiko kimoja, nani ana muda wa kuchana mifuko? Slesi mbili, jibini laini ya kupaka, jemu, nabana. Jibini naipaka kwenye slesi zote mbili na jemu inakaa katikati yake, kwa hiyo majimaji ya jemu hayaugusi mkate. Pembeni naacha kama sentimita 1 bila kupaka kitu. Nikichovya nachovya na kingo, si mgongo na tumbo peke yake, halafu nazibonyeza kwa vidole. Ukifika kikaangoni nausimamisha kwa ubavu sekunde chache kila upande, yai linaganda, pameziba.

Mmoja wa pacha wangu hataki kabisa harufu ya yai. Kwake nazidisha vanila, natia na iliki, na rojo naipitisha kwenye chujio. Ule ute mweupe usiochanganyika ndio unaoganda juu ya mkate ukaonekana yai tupu, na ndio alikuwa anaukimbia. Siku hizi anakula na kuongeza. Hajui kuna yai. Msimwambie.

Wa Jikoni Kazini

Dada Mama Pacha, umenichokoza, nimepikia hotelini miaka mingi 😄 Mfuko una tundu moja tu la kuvujia, slesi mbili zina kingo nne. Lakini nikubali, kwa asubuhi yenye watoto yako ndiyo yenye akili.

Swali la mleta uzi: kikaango kazi yake ni kutia rangi. Kuivisha katikati tuliiachia oveni. Unakaanga dakika 2 hadi 3 kila upande, rangi ikishakaa, mikate yote inaingia oveni nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10. Joto linaufikia mkate kutoka pande zote na wala halina haraka. Mwenye kipimajoto cha nyama akichomeke ubavuni hadi katikati: nyuzi 71 za Selsiasi, yai limeiva salama. Asiye nacho abonyeze kwa kidole. Mkate ukirudi juu umeiva, ukibaki umebonyea na pembeni panatoa maji, bado.

Siagi tupu msiiamini kwenye kikaango. Ina mabaki ya maziwa, hayo ndiyo yanayogeuka meusi mapema. Samli haina hayo mabaki, inavumilia moto vizuri zaidi. Na kati ya mkate na mkate, futa kikaango kwa karatasi, kwa sababu zile chembe zilizobaki zitaungua na kumpaka anayefuata masizi.

Mwisho, msiipange kwenye sahani mmoja juu ya mwingine. Mvuke wa chini unamlowesha wa juu. Weka juu ya wavu wa kupoozea keki, au ndani ya oveni nyuzi 100 mkisubiri wengine waamke.

Sina Oveni

Wenye oveni mmeshamaliza, sisi je? Mimi nina jiko la moto mmoja na kikaango kizito cha chuma. Nilichogundua ni kwamba ugomvi uko kwenye wingi wa vitu vya ndani. Watu wanajaza utadhani wanafunga mzigo wa safari. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila mkate, kitandazwe chembamba, kinapata moto. Vijiko vitatu kwenye bonge moja katikati, hata ukikaanga hadi kesho hakipati.

Na jibini itoke kwenye friji mapema, nusu saa hivi kabla ya kupika, ipunguze ubaridi.

Wa Jikoni Kazini

Hapo kwa ubaridi mimi na wewe tunaachana mkuu. Jibini ikiwa ya baridi imeshikana, haikimbilii kwenye kingo. Ila mimi nina oveni ya kuimalizia. Kwa moto wa kikaango peke yake, nakupa haki yako.

Mtu wa Chumvi

Mbona wote sukari sukari? Mimi ndani natia jibini ngumu iliyokunwa, spinachi na pilipili manga. Kwenye rojo hakuna vanila wala sukari, chumvi na haradali kidogo inatosha. Faida yake kubwa ni kwamba jibini ya kukuna ikiyeyuka inazigundisha slesi mbili zenyewe, sihangaiki na kuziba kingo. Na kwa kuwa sukari haipo, nakaanga taratibu bila wasiwasi. Spinachi lazima ichemshwe kidogo na ikamuliwe kweli kweli, mpaka mkono uchoke. Maji yanayobaki humo ndiyo yanayougeuza mkate uji.

Kuna rafiki yangu anaupika kwa mtindo wa mikahawa ya Hong Kong: slesi mbili na siagi ya karanga katikati, unachovywa kwenye yai, unazamishwa kwenye mafuta mengi, juu bonge la siagi na shira au maziwa mazito ya kopo. Ni mtamu, sikatai. Lakini kipande kimoja kilinitosha mpaka jioni, na mafuta yasipopata moto wa kutosha mkate unayanywa yote.

Tumbo Halitaki Maziwa

Kwangu maziwa hayaingii kabisa. Natumia maziwa ya soya yasiyo na sukari, kipimo kile kile alichotoa mleta uzi. Tui la nazi nalo linafaa likiwa jepesi. Ndani naweka siagi ya karanga na ndizi mbivu iliyopondwa. Haivuji, haina maji mengi, na hata isipopata moto sana hakuna anayelalamika, maana ndizi na karanga zinaliwa hata baridi. Nadhani kwa anayeanza hii ndiyo ya kuanzia.

Matunda mengine yana mitego. Stroberi mbichi ikipata joto inaachia maji. Nazikata, nazichemsha na sukari kidogo mpaka zishikane, zinapoa kabisa ndipo zinaingia.

Mleta uzi

Asanteni sana wakuu, haya ya oveni na ya kijiko kimoja nayabeba yote mawili. Mawili yamebaki. Mdalasini wangu unaelea juu ya rojo, mkate wa kwanza unaubeba wote na wa mwisho haupati kitu. Pili, kuna anayeandaa usiku ili asubuhi iwe rahisi?

Mkate Mkavu

Mdalasini changanya kwanza na sukari, tia yai moja, piga mpaka iwe rojo nzito, ndipo uongeze mayai mengine na maziwa kidogo kidogo. Na kabla ya kuchovya kila mkate, koroga tena. Mdalasini hauyeyuki, hilo halina dawa nyingine.

Mama Pacha

Usiku nabana slesi na vitu vyake, navifunga vizuri, friji. Rojo inakaa kwenye chupa yake peke yake, nayo friji. Asubuhi ni kutikisa, kuchovya na kukaanga. Ukichovya usiku kisha ukategemea kuvikaanga asubuhi, utainua vipande. Ukitaka kulowesha usiku kucha, panga mikate kwenye chombo cha oveni, mwagia rojo, funika, weka friji, asubuhi chombo chote kinaingia oveni nyuzi 180 kwa dakika 40 hadi 45. Hapo hakuna kugeuza, kwa hiyo hakuna cha kuvunjika.

Kwa wenye watoto wachanga mezani: asali ya kumwagia juu asipewe aliye chini ya mwaka mmoja.

Sina Oveni

Na iliyobaki inagandishwa. Ipoe kabisa kwanza, itandaze kwenye trei bila kugusana, ikishaganda ndipo uitie kwenye mfuko mmoja. Kupasha ni kikaango kikavu, moto mdogo, kifuniko. Maikrowevu inaulegeza mkate na jibini ya ndani inakuunguza ulimi wakati kingo bado zina barafu.

Mtu wa Chumvi

Ya spinachi msigandishe lakini. Ikiyeyuka inatoa maji upya, na mkono utakuwa umechoka bure.