Mwongozo wa programu unamkwamisha mtumiaji wa NVDA, nianze kurekebisha wapi?

Mkufunzi wa Mbale
Habari zenu. Nafundisha wahasibu wa SACCO programu ya hesabu. Mmoja wao haoni, anatumia NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti, na kwa kibodi anatuacha mbali sote. Lakini mwongozo wa mtandaoni unamtesa. Akibonyeza H ili aruke hadi kichwa kinachofuata, anaambiwa hakuna. Mimi naviona vichwa, vikubwa, vimekolezwa! Akitaka sehemu ya kufunga mwezi, asikilize ukurasa mzima kuanzia menyu. Inaniuma, maana kazi anaiweza. Waandishi wamenipa mafaili nirekebishe. Kurasa ni nyingi mno.

fundi_kla
Dada, anza na vichwa. Tazama msimbo: bila shaka utakuta div (kisanduku tu) au b (herufi nene) iliyokuzwa kwa CSS, yaani maagizo ya mwonekano. NVDA haifuati ukubwa wa herufi, inafuata tagi, yaani alama za msimbo zinazotaja kila kipande ni nini. Jina la ukurasa liwe h1, sehemu h2, vijisehemu h3, usiruke ngazi. Menyu itie ndani ya tagi ya nav, maelezo ndani ya main, ndipo atavuka menyu kwa kubonyeza D, inayoruka toka eneo moja hadi jingine.

Okello, Gulu
Mimi pia sioni. Vichwa ni sawa, ila majedwali ndiyo yanayonichosha. Nasikia "30", "ndiyo", "0". Thelathini ya nini? Seli za juu ni td tupu, yaani seli za kawaida. Ziandike th (seli za kichwa) zenye scope="col" (kichwa cha safu); nikihamia safu ya pili kwa Ctrl+Alt na mshale wa kulia, natajiwa jina lake kwanza.

Na tafadhali, angalia lang, inayotaja lugha ya ukurasa. Mwongozo wa Kiswahili ukiandikwa lang="en", sauti inausoma kwa matamshi ya Kiingereza, huambulii kitu. Weka "sw". Picha za skrini nazo: "bofya kama inavyoonekana hapa" hainisaidii hata kidogo. Taja kitufe kwa jina ndani ya sentensi.

Mkufunzi wa Mbale
Asanteni sana, ndugu zangu. Nimebadilisha ukurasa wa kufunga mwezi, lang na vichwa. Leo amebonyeza 2, akapita h2 moja baada ya nyingine hadi akafika, hakuniita. Nimefurahi mno. Sasa jedwali la riba lina seli zilizounganishwa juu, miaka juu ya miezi. Nifanyeje?

Okello, Gulu
Ligawe. Kila mwaka jedwali lake, na caption yake, yaani jina la jedwali.