Ni lini hasa tutumie "had" katika vitenzi vya Kiingereza?

Swali: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Ninapoandika Kiingereza hutumia "had" kwa kila jambo lililotokea zamani, na mwalimu hunisahihisha kila mara. Kosa langu ni lipi?

Jibu la kwanza: Ndugu, hoja si umbali wa wakati, bali ni tukio lipi lilitangulia jingine. "When we arrived, the bus left" humaanisha kwamba tulifika ndipo basi likaondoka, ilhali "When we arrived, the bus had left" humaanisha kwamba tulipofika basi lilikuwa limeshaondoka, nasi tukalikosa. Kwa kuwa Kiswahili kina muundo wa karibu sana na huo, iseme sentensi yako kwa Kiswahili kwanza.

Jibu la pili: Nakubali, ila jihadhari na sentensi za masharti (zenye "if"): "If I had known" si "nilipokuwa nimejua", bali ni "ningalijua". Aidha, penye "after" au "before" mfuatano wa matukio huwa wazi, hivyo wakati uliopita wa kawaida mara nyingi hutosha.

Muulizaji: Nashukuru sana. Kumbe niliandika "The war had ended in 1945" pasipo tukio lolote la baadaye la kulinganisha nalo.