Kampuni inataka kupanda mikoko 10,000 kwa siku moja, tukubali?

mama_kitalu: Wadau hamjambo, sisi ni kikundi cha kina mama huku Kilifi, tuna kitalu kidogo cha mikoko kando ya hori, sasa kuna kampuni inataka inunue miche 10,000 na wafanyakazi wao waje wapande Jumamosi, tisheti, chakula, wapiga picha, yote juu yao. Pesa hatukatai jamani lkn mahali walipochagua ni pale kwa matope mbele kabisa karibu na gati, eti panatoka vizuri kwa picha. Wazee wanasema pale hakujawahi kuwa na mti. Mngefanyaje?

bamvua: Wasikilizeni wazee dada. Kama hapajaota kitu miaka yote hiyo basi maji yanakaa sana pale. Mikoko ni aina nyingi, sisi tulipandishwa ile inayoitwa mkoko wenyewe sehemu ya aina nyingine, mlilana, muda si mrefu ile miche ikashikwa na vigamba vile vinavyokata miguu mpaka ikalala, maji ya bamvua yakaja yakazoa. Watu wanapenda mkoko sababu ile mbegu ndefu unachomeka tu umemaliza, hata bosi anaweza 😂 lkn mbele ni kwa mlilana, mkoko unakaa nyuma yake, aina zingine, mkandaa na mchu, huko juu.

kaka_wa_gazi: Msikatae, badilisheni masharti. Siku hiyo wapande 1,000 mahali mtakapowaonyesha nyinyi, hela inayobaki ilipe walinzi, kurudishia iliyokufa na kuhesabu iliyo hai baada ya mwaka. Huku kwetu Gazi kuna mradi wa kijiji, Mikoko Pamoja, ulianza 2013, hekta 117, unauza kaboni, yaani unalipwa kwa hewa chafu ambayo msitu unafyonza, na kazi kubwa ni kulinda msitu uliopo, kupanda ni kidogo tu, na hiyo pesa imeleta maji na kusaidia shule. Alafu piteni KFS kwanza, shirika la misitu la serikali, mikoko ni msitu wa serikali, msije mkaulizwa nyinyi wenyewe wakati kampuni ishaenda zake.

bamvua: Na mbuzi! Mchu mchanga mbuzi anaula kama sukuma.

mama_kitalu: Asanteni sana. Nimewapigia leo, kuhamia nyuma ya hori wamekubali bila shida, ila hiyo ya mwaka mzima wanasema bajeti yao ni ya siku moja tu, nimewaambia basi siku hiyo waje wale pilau warudi, tutaongea. Kupunguza miche ndio wamegoma kabisa, kumbe tisheti zishachapishwa, zimeandikwa 10,000 mgongoni.